King'amuzi Kimoja, TV za Chogo Tatu

Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, televisheni nyingi zilizokuwa nzima kabisa zilibaki zikionyesha chenga. Mikoa mingine ikafuata, na Kenya nayo ikakamilisha zamu yake mwaka 2015. Familia zikanunua king'amuzi kimoja, kikawekwa sebuleni, na TV za vyumbani zikageuka meza za kuwekea vitambaa na maua ya plastiki. Baadaye ikaja TV bapa, ile ya chogo ya sebuleni ikasukumwa chumbani kwa bibi. Ndiyo maana hadi leo utakuta nyumba yenye TV tatu zinazowaka vizuri na dishi juu ya bati, lakini anayeona picha ni aliyekaa sebuleni tu.

Nyumba hiyo haina haja ya ving'amuzi vitatu wala vifurushi vitatu vya kulipia kila mwezi. Inataka waya mzuri, kifaa kidogo kimoja au viwili, na mapatano. Naanza na mapatano, maana ndiyo yanayoharibu kazi nyingi ambazo fundi alizifanya vizuri. King'amuzi cha kawaida hufungua chaneli moja kwa wakati mmoja. Ukikigawa kwa TV tatu, zote zitaonyesha kitu kile kile: sebuleni wakitazama taarifa ya habari saa mbili usiku, chumbani nako ni taarifa ya habari, na mtoto aliyekuwa anasubiri katuni atasikiliza mambo ya bunge. Hakuna waya wala busta itakayobadilisha hilo. Muuzaji akikuambia anacho kifaa cha kubadilisha, muulize chaneli ya pili kinaitoa wapi.

Kwa hiyo mpango huu unawafaa watu wanaofuata jambo moja wakiwa sehemu tofauti. Mama yuko jikoni na hataki kupitwa na tamthilia. Bibi hawezi kukaa sebuleni muda mrefu. Siku ya mechi wageni wamejaa, na vijana wamehamia barazani na TV yao ya inchi 14. Hapo king'amuzi kimoja kinatosha na kubaki. Lakini kama ugomvi wa nyumba yako ni tamthilia dhidi ya Ligi Kuu, saa ile ile, nunua king'amuzi cha pili cha bei nafuu, hata kile cha antena ya kawaida kisichohitaji dishi. Nitaeleza baadaye namna ving'amuzi viwili vinavyoweza kupita kwenye waya mmoja.

Kosa la kwanza wanalofanya watu ni kukata waya unaotoka kwenye dishi na kuugawa. Waya ule unabeba mawimbi ya megahezi 950 hadi 2150. Tundu la antena la TV ya chogo linaishia megahezi 860 hivi, na linaelewa analojia peke yake. Zaidi ya hapo, king'amuzi hupandisha umeme wa volti 13 au 18 kwenye waya huo huo kwenda kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, na volti hizo ndizo zinazochagua mawimbi ya wima au ya ulalo. Umeme huo ukiuelekeza kwenye tundu la antena la TV, unaweza kuunguza kipokezi chake. Hata ukigawa kwa ving'amuzi viwili, kimoja kikidai volti 13 na kingine 18, kuna chaneli zitakazopotea upande mmoja. Mwenye ving'amuzi viwili vya dishi anunue LNB yenye matundu mawili, kila kimoja kipate waya wake. Huku kwetu kwenye TV za chogo, kazi yote inaanzia nyuma ya king'amuzi, pale picha inapokuwa tayari imefunguliwa.

Geuza king'amuzi utazame mgongo wake. Vingi vya miaka hii vina HDMI na tundu la AV. Vya zamani vina AV kwa pini tatu, njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti, pamoja na matundu mawili ya antena, moja la kuingia na moja la kutoka, lile la kutoka likiandikwa RF OUT au TV OUT. Kisha nenda kwenye TV ya chogo. Tundu la antena halikosi. Matundu ya AV huwa nyuma, au mbele chini ya kifuniko kidogo ambacho wengi hawajawahi kukifungua tangu TV inunuliwe. Ukishajua nini kinatoka na nini kinaingia, nusu ya kazi imekwisha.

AV ndiyo njia inayotoa picha safi zaidi kwa TV ya chogo, mradi umbali uwe mdogo. Kama TV ya pili iko nyuma ya ukuta wa sebule, toboa tundu, pitisha waya wa AV wa mita tano au kumi ulio mzuri, kazi imeisha. Ubaya wake unaonekana ukianza kugawa. Picha ya AV imetengenezwa iishie kwenye TV moja yenye ukinzani wa omu 75. Ukichomeka kile kipini chenye vichwa viwili na kuongeza TV ya pili, zote mbili zinafifia. Ya tatu ikiingia picha inakuwa ya giza, na wakati mwingine inayumba. Kuna kifaa kinachoitwa kigawanyi cha AV chenye umeme wake. Hicho kinampa kila mtu kiwango kamili. Lakini bado utalazimika kuvuta nyaya tatu kwenda kila chumba, na zile nyembamba za madukani hazifai kwa safari ndefu.

Jihadhari na tundu dogo la duara kwenye ving'amuzi vipya, linalofanana na la hedifoni. Linatoa AV kupitia pini yenye mikato mitatu, ila watengenezaji hawakukubaliana juu ya mpangilio. Ukichomeka waya wa kifaa kingine unaweza kupata mngurumo badala ya sauti, au skrini tupu. Usirudishe king'amuzi dukani. Hamisha rangi kwanza: jaribu nyekundu kwenye tundu la njano, kisha nyeupe. Mara nyingi picha inatokea hapo hapo.

Kwa nyumba yenye vyumba vilivyotawanyika mimi nachagua RF bila kusita, na mafundi wazee wa antena watakuunga mkono. RF maana yake king'amuzi kinajigeuza kituo kidogo cha televisheni ndani ya nyumba. Ndani yake mna modyuleta inayochukua picha na sauti, inavipakia kwenye chaneli moja ya UHF, na kuvisukuma kwenye waya mmoja tu wa koaksio, ule ule wa aina ya dishi. TV ya chogo inaipata chaneli hiyo kama ilivyokuwa ikipata vituo vya analojia zamani. Sauti huwa ya upande mmoja, na ukali wa picha unapungua kidogo ukilinganisha na AV. Kwenye skrini ya inchi 21 sidhani kama kuna mtu nyumbani atalalamika.

King'amuzi chako kisipokuwa na RF, nunua modyuleta ya pembeni. Ni kisanduku kidogo: AV inaingia upande mmoja, waya wa antena unatoka upande wa pili. Ila kabla hujatoa hela, angalia stoo. Kama kuna deki ya kanda za VHS ambayo bado inawaka, tayari unayo modyuleta, hata kama haisomi tena kanda. Chomeka AV ya king'amuzi kwenye matundu yake ya kuingizia, ibonyeze mpaka iandike AV au L1, na waya wa antena utoke kwenye tundu lake la kwenda kwenye TV. Deki nyingi hutoa picha kwenye chaneli za katikati ya UHF, karibu na ya 36, na unaweza kuihamisha. Inakula umeme kidogo zaidi ya kisanduku kipya, lakini modyuleta zake zilitengenezwa enzi ambazo kila mtu alizitegemea, na mara nyingi picha yake inaishinda ya vile visanduku vya bei poa.

King'amuzi chenye HDMI peke yake kinahitaji kigeuzi. Hapa soma maandishi kwenye kasha kwa makini, kwa sababu vipo vya aina mbili vinavyofanana kama mapacha: kimoja kinatoa HDMI kwenda AV, kingine AV kwenda HDMI, na havifanyi kazi kinyumenyume. Unachotaka ni kinachopokea HDMI. Kipe umeme wa USB hata kama kinaonekana kuwaka bila huo. Pembeni kina swichi ndogo ya PAL na NTSC. Iweke PAL, la sivyo TV nyingi za huku zitakupa picha isiyo na rangi au inayoviringika. Kama king'amuzi kina HDMI na AV vyote, jaribu kwanza kuvitumia kwa pamoja. Katika vingi, TV bapa ya sebuleni inabaki kwenye HDMI huku AV ikienda kwenye modyuleta bila kusumbuana.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo mafundi wa haraka huiruka na ndiyo inayoleta chenga. Nguvu ya mawimbi kwenye waya hupimwa kwa desibeli. Modyuleta ya nyumbani hutoa kama 70 hadi 75 hivi. TV ya chogo inataka kama 60 ili picha itulie. Katikati kuna watozaji ushuru. Kigawanyi cha njia mbili, kile mafundi wanachokiita spilita, kinakata kama 4. Cha njia nne kinakata 7 au 8. Waya mzuri wa RG6 unakata kama 4 kwa kila mita 20 kwenye chaneli za UHF, na ule mwembamba wa bei ya chini unakata zaidi. Chukua modyuleta ya 72, kigawanyi cha njia nne, na chumba kilicho mita 20: umebaki na 60, mlangoni kabisa. Chumba cha uani kilicho mita 40 kitapata 56, nacho kitaona chenga.

Dawa ya hapo ni busta ya antena ya desibeli 15 hadi 20, na mahali pake ni kati ya modyuleta na kigawanyi. Watu wengi huifunga kule mwisho, nyuma ya TV yenye chenga, wakidhani mgonjwa ndiye anayepewa dawa. Busta haichagui. Mawimbi yakishachoka na kuchanganyika na kelele, itakuza vyote viwili, na utapata chenga kubwa badala ya ndogo. Iweke mwanzoni mawimbi yakiwa safi. Vilevile usizidishe kiasi. TV iliyo karibu ikipokea nguvu nyingi mno, picha hujikunja, huwa na mistari ya mshazari, au sauti hutoa mlio wa nyuki. Busta yenye skrubu ya kupunguza ina thamani kuliko yenye namba kubwa kwenye kasha. Nyumba yenye TV mbili tu zilizo karibu haihitaji busta yoyote.

Kigawanyi kinunue kilichoandikwa omu 75 na megahezi 5 hadi 1000. Vile vya kufika 2400 ni vya dishi. Vinafanya kazi lakini unalipia usichokitumia. Kama umenunua cha njia nne na TV ni tatu, tundu la nne lisiachwe wazi. Funga kifuniko cha omu 75, ambacho ni kitu cha bei ndogo sana, kwa sababu mawimbi yakifika kwenye tundu tupu hurudi nyuma na kuleta kivuli, yaani kila mchezaji anakimbia na pacha wake upande wa kulia. Kivuli hicho hicho ndicho kinachopatikana kwa fundi anayemenya nyaya tatu, akazisokota pamoja na kuzifunga solotepu. Ukimwona fundi anafanya hivyo kwenye nyumba yako, mlipe nauli yake mwachane kwa amani.

Pesa yako nyingi iende kwenye waya na vichwa vyake. Waya wa RG6 ukikatwa unaonyesha uzi wa katikati, povu jeupe, karatasi ya alumini, na juu yake wavu wa nyaya ndogo. Wavu ukiwa na nyuzi chache unaoweza kuzihesabu kwa macho, rudisha. Wakati wa kumenya, hakikisha hakuna hata unywele mmoja wa wavu unaogusa uzi wa katikati. Huo mmoja unatosha kuua TV zote zilizo kwenye mstari, na utalaumu modyuleta bure. Uzi wa katikati utokeze kama milimita mbili nje ya kichwa cha kukaza. Ukimaliza kila waya, upime kwa mita kabla ya kuuchomeka: katikati kwa katikati ipitishe, katikati kwa wavu isipitishe. Ni kazi ya dakika moja inayookoa jioni nzima ya kupanda na kushuka darini.

Darini kwenyewe kuna panya. Waya unaopita juu ya dari upitishe kwenye bomba la plastiki la umeme, angalau sehemu zile usizoweza kuzifikia tena baada ya jipsamu kufungwa. Usiulaze sambamba na nyaya za umeme. Uachanishe, na ikibidi zikutane, zivukane kama njia panda. Ukipita nje kwenda chumba cha uani, tumia waya wenye ganda jeusi, maana jua hulipasua ganda jeupe, na uache waya uning'inie kidogo chini kabla haujaingia ukutani ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya hadi ndani. Kwa walioko pwani, Tanga, Bagamoyo, Mombasa au Unguja, chumvi ya hewani inakula vichwa vya waya. Kichwa chochote kilicho nje kifungwe tepu ya mpira inayojibana yenyewe, si solotepu ya kawaida ambayo gundi yake huyeyuka kwa joto.

Kila TV ivutiwe waya wake kutoka kwenye kigawanyi. Kuunganisha chumba kwa chumba, TV ya kwanza ikimpasia ya pili, huokoa mita chache leo na kukuachia fumbo siku picha itakapopotea. Andika pia kwenye kila waya, kwa kalamu isiyofutika juu ya kipande cha tepu, unakwenda chumba gani. Fundi atakayekuja baada yako hatajua kwa ndoto.

Baada ya kufunga, washa king'amuzi na uweke chaneli yenye picha na sauti ya mfululizo, si menyu. Kwenye TV ya chogo chagua UHF, anza kusachi, na picha ikitokea ihifadhi kwenye namba 1 ili bibi asihangaike. Ikija yenye vidoti au mistari inayotembea, huenda kuna kituo cha dijitali karibu kinachorusha kwenye chaneli hiyo hiyo, kwa kuwa vituo vya dijitali navyo viko UHF. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi au modyuleta, uhamishe chaneli juu au chini, na usachi upya.

Kuna tatizo moja linalowatoa watu jasho: picha ni nzuri kabisa, sauti hakuna, au ni mvumo mtupu. TV haijafa spika. Katika mfumo wa PAL, sauti hupakiwa mbali kidogo na picha, na umbali huo hutofautiana kati ya mfumo na mfumo. Mfumo wa I, uliotumika Uingereza na Afrika Kusini, huiweka megahezi 6 kutoka kwenye picha. Mfumo wa B/G, wa nchi nyingi za Ulaya bara na Ghuba, huiweka 5.5. King'amuzi kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika Kusini kikikutana na TV iliyoletwa kutoka Dubai, kila mmoja anaongea peke yake. Tafuta kwenye menyu ya TV neno SYSTEM au SOUND, ujaribu BG kisha I. TV isipokuwa na chaguo hilo, badilisha upande wa king'amuzi, kwenye mipangilio ya RF. TV ya mtumba kutoka Uingereza kwa kawaida inajua I peke yake. Na ya mtumba kutoka Japani iache ilipo: inatumia volti 100 na mfumo wa NTSC, na ukiichomeka ukutani kwetu itakuaga kwa moshi.

Umbo la picha nalo linastahili neno. Matangazo ya leo ni mapana, 16 kwa 9, na skrini ya chogo ni 4 kwa 3. King'amuzi kinaweza kubana picha, watu wote wakawa warefu wembamba. Kinaweza kukata pembeni. Au kikaacha mistari myeusi juu na chini. Wengi huchukia mistari myeusi, wanachagua kukata pembeni, halafu siku ya mechi hawaoni matokeo kwa sababu ubao wa magoli uko kwenye kona iliyokatwa. Chagua mistari myeusi. Utaizoea ndani ya wiki.

Baada ya picha watakuja na swali la rimoti: nani atabadilisha chaneli akiwa chumbani? Ving'amuzi kadhaa vya zamani vyenye matundu mawili ya RF vina njia nzuri ya hili. Tundu la pili hupeleka umeme mdogo, kama volti 9, kwenye waya wa antena, na nyuma ya TV ya chumbani unafunga jicho dogo linalopokea rimoti na kurudisha amri kwenye king'amuzi kwa waya ule ule. Kigawanyi au busta ya kawaida itauzuia umeme huo, kwa hiyo nunua vilivyoandikwa kwamba vinapitisha umeme, vinginevyo jicho halitawaka. King'amuzi kisichokuwa na tundu hilo kinaweza kutumia jozi ya virefushi vya rimoti: kimoja chumbani kinageuza mwanga wa rimoti kuwa mawimbi ya redio yanayopenya ukuta, kingine mbele ya king'amuzi kinaugeuza tena kuwa mwanga. Vinafanya kazi. Lakini fikiri mara mbili kabla ya kuvigawa kila chumba. Rimoti tatu za king'amuzi kimoja ni ugomvi wa saa zote, na sioni ubaya kabisa wa chumbani kuwa mahali pa kutazama kilichochaguliwa sebuleni.

Kama tayari una king'amuzi cha pili, hapa ndipo RF inaonyesha ubingwa wake. Weka cha kwanza chaneli ya 30, cha pili chaneli ya 36, uviunganishe kwa kigawanyi kilichogeuzwa, matundu mawili yakipokea na moja likitoa, kisha endelea na busta na mgawanyo kama kawaida. Kila TV ya chogo sasa ina namba 1 ya king'amuzi cha sebuleni na namba 2 ya kile kingine, na kila chumba kinachagua kwa rimoti ya TV yenyewe. Chaneli hizo mbili zisikaribiane. Modyuleta za nyumbani humwaga pembeni, kwa hiyo acha nafasi ya chaneli tatu nne katikati.

Watakushawishi ununue vifaa visivyo na waya. Vya megahezi 2400 vinagombana na Wi-Fi, na simu ya kijana mmoja akipakua filamu inatosha kukatakata picha. Vya 5800 ni afadhali, ila ukuta wa tofali za saruji na nondo unavichosha haraka. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta naelewa. Kwa mwenye nyumba, waya.

Usalama nisiupitie juu juu. Kamwe usifungue mgongo wa TV ya chogo. Bomba lake la picha linabeba maelfu ya volti, 20,000 na zaidi kwa TV ya rangi, na linaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Chomoa vifaa vyote ukutani kabla ya kuunganisha nyaya. Ule mwasho unaousikia ukigusa kichwa cha waya ni umeme unaovuja kidogo kwenye vifaa visivyo na ethi. Ukiwa mkali kuliko mwasho, kuna kifaa kibovu, kitafute kimoja kimoja. Usikiweke king'amuzi juu ya chogo, pana joto. Na kumbuka kwamba sasa nyumba yako yote imefungwa kwenye waya mmoja: radi ikipiga dishi, zamani ungepoteza king'amuzi, leo inaweza kuondoka na TV zote. Dishi lifungwe ethi, na mawingu yakikusanyika chomoa umeme pamoja na waya wa dishi. Kile kilinda umeme cha soketi husaidia umeme wa TANESCO au wa KPLC unaporudi kwa kishindo, lakini hakiioni radi inayoingia kwa juu.

Mwenye LUKU atauliza gharama. TV ya chogo ya inchi 21 inakula kama wati 70. Ikiwaka saa tano kwa siku inafika karibu uniti kumi na nusu kwa mwezi. TV tatu zikiachwa zinaongea vyumba vikiwa vitupu, utaziona kwenye tokeni kabla hujaziona kwenye skrini.

Mwisho kuna jirani. Waya usivuke kwenda nyumba yenye mita yake ya umeme, hata kama ni ya kaka yako. Nyumba mbili zinaweza kuwa na ethi zisizolingana au fezi tofauti, na tofauti hiyo yote itapita kwenye wavu wa waya wako mwembamba. Na kifurushi cha nyumbani kinauzwa kwa nyumba moja. Mwenye gesti au baa anayetaka kupeleka picha vyumbani kwa mtindo huu aulize kifurushi cha biashara kabla hajatoboa ukuta wa kwanza; ufungaji ni ule ule, ila idadi ya vigawanyi itaongezeka na busta ya nyumbani haitamtosha.